Usiuziwe 'kwanta' kwa maumivu ya mgongo

NENO "kwanta" limetoka kwenye vitabu vya fizikia likaingia mitaani. Siku hizi nakutana nalo katika chumba changu cha matibabu karibu kila wiki. Mgonjwa huingia akiwa ameshika kiuno, akaketi polepole, kisha akatoa mkobani karatasi zilizochapishwa na mashine ambayo, kwa maelezo aliyopewa, imesoma "mawimbi ya kwanta" ya mwili wake mzima kwa dakika chache tu huku ameshika kijiti cha chuma mkononi. Karatasi hizo humwambia kwamba figo ni dhaifu, kalsiamu imepungua na pingili za kiuno zimechakaa. Ukurasa wa mwisho una orodha ya mikanda, bangili, vidani na chupa za vidonge vya kununua.

Msomaji, sina ugomvi na kwanta. Ni elimu ya kweli iliyopita katika majaribio makali kwa zaidi ya miaka 100. Ugomvi wangu ni na wale wanaolikodi jina lake ili wauze mikanda. Na kwa kuwa wauzaji hawa hupenda kusema "sayansi imethibitisha", nimeona ni heri tuitazame sayansi yenyewe, kisha tuone utafiti wa maumivu ya mgongo unasemaje.

Mnamo 1900, Mjerumani Max Planck alieleza kuwa vitu vyenye joto hutoa na kupokea nishati kwa vipande vidogo vidogo, si kwa mtiririko kama maji ya mfereji. Mwaka wa 1927 Werner Heisenberg, naye Mjerumani, akaonyesha kuwa kitu kidogo kama elektroni hakiwezi kuwa na mahali kamili na mwendo kamili kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba vitu vidogo havitulii. Hata ukivipoza hadi ukingoni mwa baridi, bado huyumbayumba.

Mfano ninaoupenda ni heliamu, gesi ile inayojazwa kwenye maputo ya sherehe. Ikipozwa hadi nyuzi 269 chini ya sufuri hugeuka kuwa majimaji. Majimaji mengine yote huganda ukizidi kuyapoza, lakini heliamu hukataa. Atomu zake ni nyepesi na huyumbayumba kiasi kwamba haziwezi kushikana, hata baridi iwe kali namna gani. Mpaka uikandamize kwa takriban mara 25 ya uzito wa hewa inayotuzunguka ndipo igande. Kumbuka heliamu hii, maana nitairudia.

Sasa wauzaji husema: ikiwa atomu huyumba, na mwili wako umejengwa kwa atomu, basi mgongo wako pia huyumba, na bangili hii itaurekebisha. Hapo ndipo hesabu inapowaruka. Chukua sarafu 10 za shilingi moja uzirushe. Kupata upande wa twiga mara 7 au zaidi si ajabu. Hutokea takriban mara 17 katika kila majaribio 100. Rusha sarafu 10,000, na kupata twiga 7,000 hutakuona hata ukirusha hadi wajukuu wako wazeeke. Vitu vinapokuwa vichache, kuyumba huwa kukubwa. Vikiwa vingi, huku kuyumba hivi na huku kuyumba vile hufutana. Kijiko kimoja cha chai chenye maji kina atomu nyingi kuliko 1 ikifuatwa na sufuri 23. Mgongo wako ni vijiko vingapi?

Isitoshe, mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37. Katika joto hilo molekuli hugongana bila kukoma, na mtikisiko mdogo wa kwanta humezwa na makeke hayo kama mluzi unavyomezwa na kelele za stendi ya matatu. Sikatai kwamba kwanta ina kazi mwilini. Wanasayansi wameonyesha kuwa ndani ya vimeng'enya fulani hidrojeni hupenya kizuizi ambacho, kwa fizikia ya kawaida, isingekivuka. Lakini kazi hiyo hufanyika tangu tukiwa tumboni mwa mama zetu, na haijawahi kuhitaji kidani.

Kama unataka kujua jinsi ilivyo vigumu kuona kwanta ikisukuma kitu kikubwa, tazama mitambo ya LIGO huko Marekani. Mwaka wa 2020 wanasayansi wake walitangaza kuwa wamepima jinsi mitikisiko ya kwanta ya mwanga wa leza ilivyovisukuma vioo vya kilo 40 kila kimoja, uzito unaokaribia ule wa mfuko wa saruji. Vioo hivyo vilisogea kwa umbali ambao ni chini ya sehemu moja kati ya 100,000 ya upana wa kiini cha atomu ya hidrojeni. Ilihitaji mojawapo ya mitambo makini zaidi duniani kuugundua mwendo huo. Halafu mtu akuambie ameipima figo yako kwa kijiti akiwa ameketi kwenye kibanda sokoni!

Kuhusu bangili zenyewe, si zote zisizo na madhara. Desemba 2021 mamlaka ya Uholanzi inayosimamia usalama wa nyuklia na miale iliwaonya wananchi waache kuvaa bidhaa 10, zikiwamo bangili na vidani vilivyouzwa kama kinga dhidi ya mawimbi ya simu za 5G. Zilipopimwa zilikutwa zikitoa miale ambayo, ikivaliwa muda mrefu, inaweza kudhuru afya.

Hata hivyo, kuna mahali pamoja ambapo kwanta na mgongo hukutana kwa kweli, nayo ni mashine ya MRI. Kiini cha kila atomu ya hidrojeni mwilini ni kama sumaku ndogo inayotii kanuni za kwanta. Ukilazwa ndani ya sumaku kubwa ya MRI, viini vinavyoelekea upande wa sumaku huwazidi vinavyoelekea kinyume kwa takriban 5 tu katika kila milioni. Ziada hiyo ndogo, kwa kuwa imezidishwa na wingi usiohesabika wa maji mwilini, ndiyo inayotoa picha. Na sumaku yenyewe hupozwa kwa nini? Kwa heliamu ile ile isiyoganda.

Ni mashine ya ajabu, nami huagiza picha zake inapobidi. Lakini hata hapa, sisi madaktari hatuna haki ya kuwacheka wauza bangili sana. Mwaka wa 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zilizopiga picha za migongo ya watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, yaani vile visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili. Kwa wenye miaka 40 walikuwa asilimia 68, na kwa wenye miaka 80 asilimia 96. Watu hawa walikuwa wakitembea, wakiinama na kulala vizuri.

Kwa hivyo mtu wa miaka 45 anayeuza nguo Gikomba akipigwa picha akaambiwa "diski imechakaa", ameambiwa jambo la kweli ambalo huenda halihusiani kabisa na maumivu yake. Ni kama kumwambia ana mvi. Tofauti ni kwamba mvi haimtishi. Neno "imechakaa" humfanya aogope kuinama, aache kubeba mzigo, alale kutwa, na mgongo usiotumika hudhoofika. Nimewaona watu waliotoa akiba yote ya chama kulipia picha ambayo haikubadilisha chochote katika matibabu yao, ila iliwaachia hofu.

Maumivu hayo ni ya kweli, wala hakuna anayesema mgonjwa anajisingizia. Tangu 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipoeleza kuwa uti wa mgongo una kitu kama lango linaloweza kufungua au kufunga njia ya maumivu kabla hayajafika ubongoni, tumejua kuwa maumivu si waya wa umeme unaotoka kwenye jeraha moja kwa moja hadi kichwani. Yakipita miezi 3, huitwa sugu, na aghalabu neva zenyewe huwa zimekuwa nyepesi kushtuka, kama king'ora cha gari kinacholia hata paka akipita. Usingizi mbaya, wasiwasi wa karo na kazi ya kuinama kutwa huzidisha hali hiyo. Mwaka wa 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na inakadiriwa watafika milioni 843 ifikapo 2050.

Na maumivu haya nayo huyumba. Wiki hii yamepanda, wiki ijayo yameshuka, mithili ya bahari inavyojaa na kupwa. Hakuna anayenunua mkanda siku mgongo wake umetulia. Mtu hununua siku yamefika kileleni, na kutoka kileleni njia ni ya kuteremka tu. Akipata nafuu baada ya siku 10, mkanda hupewa sifa, naye huwa shahidi wa kuwaambia jirani. Mwaka wa 2014 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 1,652 wenye maumivu mapya ya kiuno. Waliopewa parasetamoli kila siku walipona, kwa wastani, baada ya siku 17. Waliopewa vidonge bandia visivyo na dawa walipona baada ya siku 16. Kama wangepewa bangili badala yake, leo tungekuwa na mamia ya mashahidi wa bangili.

Ndiyo maana nikiletewa ushuhuda wa watu 8 waliopona, huuliza kuhusu wale wengine. Watu 8 ni sarafu 8. Na kipimo hiki nakitumia hata kwa utafiti unaonifurahisha. Huko Colorado, Marekani, watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa kuyaelewa maumivu yao kama king'ora kilichokosea badala ya dalili ya jeraha. Kati yao asilimia 66 walibaki bila maumivu au na maumivu kidogo sana, ikilinganishwa na asilimia 20 ya waliodungwa sindano bandia na asilimia 10 ya waliobaki na matibabu yao ya kawaida. Matokeo haya, yaliyochapishwa na jarida la JAMA Psychiatry mwaka wa 2022, ni mazuri mno. Lakini kila kundi lilikuwa na watu kama 50, na ni mji mmoja. Mimi nasubiri yarudiwe kwa watu wengi zaidi kabla sijawaahidi wagonjwa wangu.

Lililopimwa kwa watu wengi zaidi halina mvuto wowote wa kibiashara. Mwaka wa 2024 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mwingine wa Australia uliohusisha watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno hivi karibuni. Waliopewa mafunzo na mpango wa kutembea kidogo kidogo, wakilenga dakika 30 mara 5 kwa wiki, walikaa takriban siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Wale ambao hawakupewa chochote walikaa siku 112. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, lilipendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, na msaada wa kisaikolojia kwa wanaouhitaji, na likashauri mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa kali za jamii ya mofini zisitumiwe kama desturi. Naam, mikanda. Hata ile isiyodai kuwa na kwanta.

Najua kumwambia mtu "tembea" huonekana kama kumdharau, hasa ikiwa amelipa nauli mbili kufika kliniki. Mama mmoja aliniuliza, "Daktari, hiyo ndiyo dawa? Mimi hutembea kutoka nyumbani hadi sokoni kila siku!" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tuliongea kuhusu namna anavyobeba marobota, usingizi wake, na hofu yake kwamba mgongo utakatika. Mazungumzo hayo yalichukua dakika 40, ambazo hospitali nyingi zetu hazina. Muuza bangili anazo. Humkalisha mteja, humsikiliza, humshika mkono. Sehemu kubwa ya nguvu ya biashara yake iko hapo, na sisi wenye vyeti ukutani tungefanya vyema kulifikiria hilo.

Hasara kubwa kuliko pesa ni muda. Mwanamume mmoja, fundi wa jua kali, alivaa mkanda wa "kwanta" kwa miezi 5. Alikuwa akikonda, akitoka jasho usiku, na muuzaji alimweleza kuwa hiyo ni sumu inayotoka mwilini. Alipoletwa kwangu miguu ilikuwa imeanza kukosa nguvu. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali. Sasa anatembea kwa mkongojo.

Ikiwa mgongo unauma nawe una homa, unakonda bila sababu au unatoka jasho usiku; ikiwa umewahi kuugua saratani au umeanguka vibaya, usikae nyumbani, muone daktari wiki hii. Na ikiwa miguu inakosa nguvu, sehemu za siri na makalio yanakufa ganzi, au huwezi kuzuia au kutoa haja, nenda hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.