Taka za Nyuzi na Udongo wa Kufunikia Dampo la Buhongwa

Buhongwa iko kusini mwa Jiji la Mwanza, kwenye barabara kuu iendayo Shinyanga, na huko ndiko taka za jiji hupelekwa. Dampo lolote huhitaji kila siku kitu ambacho hakizungumzwi sana, nacho ni udongo wa kufunikia. Taka zikiachwa wazi huzaa nzi na panya, huvuta makongoti na huwaka moto. Na mvua ikipenya ndani yake hutoka ikiwa maji meusi yenye sumu, ambayo hufuata mabonde kuelekea ziwani. Ndiyo sababu wahandisi huagiza tabaka la udongo la sentimita 15 litandazwe juu ya taka za siku hiyo kabla ya kazi kufungwa.

Hesabu yake si ngumu. Eneo la kazi likiwa na meta 20 kwa 20, tabaka hilo ni meta za ujazo 60. Lori libebalo meta za ujazo 6 litakwenda safari 10 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi, safari 3,000 kwa mwaka. Je, udongo huo utoke wapi? Mwanza ni mji wa miamba ya graniti, na vilima vyake vimevikwa udongo mwembamba tu. Chini ya vilima iko ardhi ambayo Wasukuma huiita luseni, yaani mchanga, nao hupitisha maji kama chujio. Bondeni kabisa iko mbuga nyeusi ya mfinyanzi. Hiyo huzuia maji wakati wa masika, lakini kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na tena ndiyo ardhi ya majaruba ya mpunga. Kuchimba shimba jipya ili kufunika taka, au kufukia shamba la chakula chini ya takataka, ni kulipa deni kwa kukopa.

Wakati huo huo Kanda ya Ziwa hutupa au huchoma nyuzi nyingi: makapi ya viwanda vya kuchambulia pamba, unga wa mbao, makapi ya mpunga, vitambaa vilivyochakaa na karatasi zilizolowa. Nyingi kati ya hizo haziwezi kurudishwa kiwandani. Hata karatasi safi ina mwisho wake, kwani kila ikipondwa upya nyuzi zake hufupika, na baada ya mara tano hadi saba hivi hazishikani tena. Nyuzi fupi hazifai kwa karatasi wala kwa kamba, lakini zikichanganywa na luseni huufanya mchanga ushike maji; zikichanganywa na mfinyanzi hupunguza nyufa. Huko Massachusetts, Marekani, tope la viwanda vya karatasi lilianza kutumiwa kufunikia madampo katika miaka ya 1990. Mwanza haina kiwanda cha namna hiyo na haihitaji kuiga jambo hilo lilivyo. Linaloigwa ni kanuni yake.

Iko faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Taka zinazooza bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksaidi. Katika tabaka lenye mboji na vinyweleo vya hewa huishi bakteria ambao chakula chao ni methani hiyo. Mchanga mtupu hauwapi makao mazuri.

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba kila chenye nyuzi kinafaa. Makapi makavu yakitandazwa peke yake ni kuni. Lazima yachanganywe na udongo na kunyunyiziwa maji. Makapi ya mpunga yanayonunuliwa na wachoma matofali si taka, na yaachwe kwa wenyewe. Nguo za mitumba ndizo zinazohitaji tahadhari kubwa zaidi. Pamba huoza, bali poliesta ni plastiki, nayo humomonyoka ikawa vinyuzi visivyooza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 juu ya sangara na sato walionunuliwa Mwanza ulithibitisha plastiki katika samaki mmoja kati ya kila watano wa kila aina. Kuweka poliesta juu kabisa ya dampo, mahali mvua inapopita, ni kuongeza balaa hiyo. Basi kazi ya kwanza ni kuchambua, na mchambuzi apewe glavu na ujira, si kuachiwa kuokota katikati ya moshi.

Tabaka la mwisho, dampo linapofungwa, ndilo lenye matumaini zaidi, pamoja na mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga na kifusi. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, machimbo ya kiwanda cha saruji yalianza kupandwa miti mwaka 1971 chini ya René Haller. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa ni tatu tu zilizopona, na mvinje ndio ulioshinda. Majani yake magumu yenye nyuzi hayakuoza hadi jongoo walipoletwa kuyatafuna. Kinyesi chao kikawa udongo, na juu ya jiwe tupu ukaota msitu. Buhongwa ina nyuzi tele, na ng'ombe wa Usukuma wanaweza kutoa samadi. Samadi haikwepeki, kwa kuwa unga wa mbao una kaboni nyingi mno na naitrojeni kidogo. Ukifukiwa peke yake, bakteria huinyang'anya mimea naitrojeni, nayo hugeuka manjano.

Shule yoyote yaweza kulipima jambo hili kwa madebe matatu yaliyotobolewa chini: moja la luseni, la pili luseni na unga wa mbao, la tatu luseni, unga wa mbao na samadi. Maji yamwagwe kwa kipimo kimoja, yanayotoka yapimwe, kisha zipandwe mbegu za mtama na rangi ya majani iandikwe kila juma kwa miezi miwili.