Chumvi Katika Bustani ya Uani



Wiki iliyopita, baada ya darsa ya kina mama, alitujia mama mmoja na malalamiko yaliyotushughulisha. Bustani yake ya uani, aliyoimwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kisima kwa muda wa miaka 3, imeanza kufa. Majani ya maharage yamekauka ncha kana kwamba yamebabuliwa na moto, vitunguu vimedumaa, na juu ya udongo pametanda ukoko mweupe. Mboga za jirani yake, ukuta kwa ukuta, zimestawi. Mama huyu akawa na yakini kuwa ametupiwa jicho, na mwezi mzima hakuitikia salamu ya jirani.

Tulimwomba atuletee maji ya kisima kile katika chupa. Tukayaonja, yalikuwa ya munyu. Tukamuuliza jirani humwagilia maji gani. Akasema, maji ya mvua, yateremkayo kwa mlizamu kutoka batini hadi tangini.

Basi jibu ni hilo. Jua huyanyanyua maji yakawa mvuke, na mmea hunywa sehemu yake, lakini chumvi haipandi na mvuke, hubaki. Natufanye hesabu. Ikiwa lita 1 ina gramu 1 ya chumvi, ndoo 2 za lita 20 kila siku huacha gramu 40. Kwa siku 100 ni kilo 4 kamili, katika kipande cha ardhi kisichozidi ukumbi wa nyumba. Chumvi ikishazidi, mizizi hushindwa kuyavuta maji hata udongo ukiwa umelowa. Na ndani ya chumvi hiyo mna sodiamu, ambayo imo pia katika magadi. Ikikithiri katika udongo wa mfinyanzi, chembe zilizoshikamana huachana, vitundu vya kupitisha maji huziba, na udongo ukikauka huwa mgumu kama sakafu.

Waliosoma tarikh wataikumbuka Basra. Nchi ile ni tambarare, ya joto kali, na maji ya mito yake yalisambazwa mashambani karne nyingi bila ya njia nzuri ya kutokea; chumvi ikapanda juu. Sheria yetu inampa haki mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa, lakini matajiri wa Basra hawakuihuisha kwa mikono yao. Waliwatumikisha watumwa walioitwa Zanj, jina ambalo waandishi wa Kiarabu waliwapa watu wa pwani hii yetu, wakiukwangua ukoko wa chumvi na kuurundika, kwa chakula haba. Mwaka 255 Hijria, yaani 869, watu hao waliinuka, na vita havikwisha hadi mwaka 270 Hijria (883). Imam Tabari, aliyeishi zama hizo, ameyaandika kwa urefu. Hatupendi sana kuisomesha sehemu hiyo ya tarikh, ila imo.

Tunaitaja kwa sababu mama yetu naye alikuwa ameanza kukwangua. Kukwangua peke yake hakutoshi, maana maji yale yale huleta chumvi nyingine. Chumvi hutolewa kwa maji matamu mengi yatakayoisukuma chini ya mizizi, nayo yapate pa kwendea. Kwa hivyo mvua za masika zikikaribia, udongo utifuliwe na kuzungushiwa kingo ili maji yasimame na kuzama. Palipojifunga kwa sodiamu huanza kutiwa jasi, ndipo maji yafuate. Bila ya jasi maji yatatuama tu. Nyasi kavu zitandazwe juu ili jua lisinyonye sana. Majivu ya jikoni, ambayo wengi wetu huyadhani ni dawa ya kila udongo, hapa yasitiwe, kwani huongeza ule ule umagadi. Maharage na vitunguu ni dhaifu mno mbele ya chumvi. Spinachi hustahimili zaidi, na mtende huwapita wote.

Kwa mlizamu tumemwelekeza kwa fundi. Ama kuhusu jirani, mama alituuliza aanze vipi baada ya mwezi wa kununa. Tulimwambia abishe hodi, atangulie yeye kwa salamu, na akipewa ndoo mbili za maji ya tangi asione haya kuzipokea.