Kompyuta Iliyonyamaza Iringa

Safu hii imezoea kuzungumzia malezi, ada za shule na mambo ya nyumbani. Wiki hii tunaomba radhi kwa kuwaletea habari za kadi ya waifai, tena ya zamani. Tuna radhi nyingine ya kuomba, iliyo nzito kuliko hiyo, nayo itaonekana mbele.

Mwaka jana kamati ya msikiti wetu hapa Mbeya ilipokea kompyuta mpakato tano kutoka kwa ndugu mmoja aishiye ng'ambo. Zilikuwa zimekwishatumika sana, zimetengenezwa mwaka 2007, nzito kama tofali la kuchoma, lakini nzima. Programu zilizokuja nazo zilikuwa zimepitwa na wakati, hazipati tena masahihisho ya usalama. Tukazifuta, tukaweka Linux ya aina ya Debian, ambayo haiuzwi wala haidai mashine mpya. Nne zikabaki madrasa. Ya tano akakabidhiwa binti mmoja yatima wa jamaa yetu, aliyekuwa akienda kuanza chuo Iringa. Tuliandika katika daftari la mali namba ya mashine na namba ya kadi yake ya waifai, akatia saini yeye na mama yake.

Kazi ya kuzitayarisha tuliifanya wenyewe ofisini. Siku ya kwanza hakuna hata moja iliyoona mtandao. Tulihangaika tangu Alasiri hadi Magharibi, tukapakua programu hii na kuiondoa ile, mpaka mtoto wa darasa la sita aliyekuja kuchukua viatu vyake akauliza kile kidude kilichoko ubavuni ni cha nini. Kilikuwa swichi ya kuzima redio. Tangu hapo, kabla ya jambo lolote, huandika amri ya "rfkill list", ambayo hueleza kama redio imefungwa kwa swichi ya mkono au kwa programu. Yaliyobaki yalikwenda vizuri. Mashine zikaingia katika mtandao wa ofisi, na binti akaondoka na yake.

Hapa inafaa tueleze kadi hizo ni za namna gani. Waifai aghalabu husafiri katika masafa mawili: gigahezi 2.4, na jingine la juu zaidi, karibu gigahezi 5. Viwango viwili, kimoja kwa kila masafa, viliidhinishwa mwaka mmoja, 1999. Kile cha chini, kilichoitwa 802.11b, kilibeba megabiti 11 kwa sekunde. Kile cha juu, 802.11a, kilibeba 54. Mtu angedhani cha juu kingeshinda upesi, lakini vifaa vyake vilichelewa na vilikuwa ghali. Tena wimbi lake ni fupi: la gigahezi 5 lina urefu wa sentimita 6 hivi, la 2.4 lina sentimita 12 na nusu, na lile fupi huchoka haraka zaidi likikutana na ukuta. Dunia ikazoea la chini, nalo likajaa. Katika 2.4 ni chaneli tatu tu zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana, yaani 1, 6 na 11. Ukikaa katika nyumba iliyozungukwa na hosteli utasikia ruta za majirani kama unavyosikia redio zao.

Kadi za kompyuta zetu zilitengenezwa na Atheros ya California, na husikia masafa yote mawili. Kadi za ukoo huo zina historia ndefu na watu wa Linux. Redio yake huongozwa kwa programu, hivyo anayeishika programu aweza kuielekeza kwenye masafa yasiyo ya waifai. Kwa hoja hiyo sehemu ya draiva iliyoigusa redio ilitolewa ikiwa imefungwa, haisomeki, huku sehemu nyingine ya draiva hiyo, iliyoitwa MadWifi, ikiwa wazi. Walioamini kwamba mwenye mashine ana haki ya kusoma kilichomo ndani yake hawakuridhika. Mjerumani Reyk Floeter, wa mradi wa OpenBSD, aliandika badala yake iliyo wazi, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana draiva iitwayo ath5k, iliyoingia katika kiini cha Linux mwaka 2008. Leo huhitaji kutafuta chochote. Kadi ikichomekwa, Linux huitambua.

Lakini swali la nani ashike usukani wa redio halikuisha. Lilijibiwa kwa njia nyingine: Linux ikawekewa orodha ya nchi, na kila nchi ina mstari wake unaotaja masafa yaruhusiwayo na nguvu yake. Asiyetaja nchi huhesabiwa kuwa yuko "00", yaani popote duniani. Sisi, kwa kuwa tunapenda mambo yaliyonyooka, tulitaja. Katika kila kompyuta tuliandika mstari mmoja wa kuijulisha, kila inapowaka, kwamba iko TZ, Tanzania. Tuliona fahari kidogo. Kisha tukasahau.

Wiki ya tatu binti akapiga simu. Kompyuta haioni mtandao wa nyumba aliyopanga, Kihesa. Simu yake inauona, simu za wenzake zinauona, kompyuta haioni kitu. Tukamwambia aangalie swichi. Imewashwa. Tukamwambia aizime na kuiwasha upya. Vilevile. Akaenda nayo kwa fundi mjini, naye akamwambia kadi imekufa, anunue nyingine. Huko chuoni kazi hupokelewa mtandaoni, hivyo akawa ananunua bando kwa fedha ya chakula na kuandika insha kwenye simu kwa kidole kimoja.

Habari ikafika katika kikao cha kamati. Mjumbe mmoja akasema kadi haifi ndani ya wiki tatu ilhali hapa ilikuwa nzima. Mwingine, ambaye ana duka la simu na anajua ya dukani, akasema vijana wa mjini hubadilishana vipuri; huenda kadi imetolewa na kuuzwa, ikawekwa mbovu. Hakusema ni nani aliyeitoa. Hakuna aliyemtaja binti, lakini kila mtu alimsikia akitajwa. Mweka hazina peke yake akasema tusubiri. Hakusikilizwa. Tukaagizwa tuandike barua ya kumtaka aeleze hali ya mali aliyokabidhiwa. Tukaiandika, kwa Kiswahili kizuri na muhuri wa kamati, tukaipa basi.

Mama yake alikuja nyumbani usiku ule ule aliposikia. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Katibu, mwanangu hana baba wa kwenda kumsemea huko."

Jumamosi tukapanda basi la alfajiri, daftari la mali likiwa mkobani. Njia ya Mbeya hadi Iringa inajulikana na wengi wa wasomaji wetu: baridi ya Uyole, mashamba ya mpunga ukiteremka bondeni, Makambako na mahindi ya kuchoma dirishani, misitu ya Mafinga, kisha stendi ya Igumbilo na kule mjini juu ya kilima. Mtu hupata muda wa kufikiri. Tulifikiri zaidi juu ya barua kuliko juu ya kadi.

Binti alitupokea kwa heshima, shangazi yake akiwa pembeni. Aliiweka kompyuta mezani, na barua juu yake.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kusoma namba ya kadi. Kila kadi ya waifai ina namba yake ya pekee yenye tarakimu na herufi kumi na mbili, nayo huonekana kwa amri ya "ip link". Tukafungua daftari, tukamwomba shangazi asome kwa sauti huku sisi tukifuata kwa kidole. Zililingana zote kumi na mbili. Kadi ilikuwa ile ile. Binti hakusema neno. Shangazi ndiye aliyesema, na hayo hatutayachapa.

Basi kadi haikuibwa. Je, imekufa? Hapana, maana iliona ruta ya jirani katika masafa ya chini. Mwenye nyumba akatueleza kwamba ruta yake aliletewa na nduguye kutoka Marekani, na kwamba alikuwa amezima masafa ya 2.4 kwa sababu ya msongamano. Ilikuwa ikitangaza katika gigahezi 5 pekee, chaneli 36.

Tukaandika "iw list", amri inayoorodhesha chaneli zote ambazo kadi inazijua. Pale kwenye 36, na 40, 44 na 48, mashine ilikuwa imeandika kwamba zimezimwa. Kuanzia 149 hadi 165 zilikuwa wazi. Tukaandika "iw reg get", inayoonyesha sheria ya nchi inayofuatwa. Ikajibu: TZ. Katika orodha iliyokuwa ndani ya mashine ile, mstari wa Tanzania uliruhusu, kwa masafa ya juu, kuanzia megahezi 5735 hadi 5835 tu. Chaneli 36 iko kwenye 5180. Ruta yetu ya Mbeya ilikuwa kwenye 149, nayo ni 5745, ndiyo maana huku hatukuona tatizo lolote.

Wasomaji wamekwishaelewa. Kompyuta haikuwa mbovu wala haikuchezewa. Ilikuwa inatii mstari tulioandika sisi wenyewe, kwa mkono huu huu ulioandika barua.

Kijana mmoja mpangaji, anayesoma mambo ya kompyuta, akatoa dawa ya haraka: tufute TZ, tuandike US, mashine idhani iko Marekani, na 36 itafunguka. Alikuwa sahihi kwamba ingefunguka. Tulikataa, na tulibishana naye kwa muda. Alisema hakuna atakayedhurika. Kwa chumba kimoja Kihesa pengine asingedhurika mtu. Lakini masafa hayo ya juu hayakuachiwa waifai peke yake. Zipo rada za hali ya hewa duniani zinazosikiliza karibu na gigahezi 5.6, na ndiyo maana nchi nyingi huweka masharti makali zaidi katika chaneli za katikati. Orodha iliyomo ndani ya Linux huandikwa na watu wa kujitolea, si sheria yenyewe. Msimamizi wa masafa nchini ni TCRA. Hata hivyo hatukuona sababu ya kuifundisha mashine ya amana kusema iko mahali isipokuwapo, hali ruta, yenye sauti kubwa kuliko zote mle ndani, ingebaki pale pale ilipo.

Tukamwomba mwenye nyumba aihamishie ruta chaneli 149. Alisita, akihofia wapangaji wengine wasije wakakosa mtandao siku ya Jumamosi. Akakubali baada ya chakula cha mchana, kwa sharti kwamba ikiharibika tutalala pale pale. Aliingia katika kurasa za mipangilio, akabadili namba moja, ruta ikazima na kuwaka. Dakika mbili zilikuwa ndefu. Simu za wapangaji zikarudi moja moja, kisha kompyuta ya binti ikaonyesha jina la nyumba, ikauliza nywila, ikaingia.

Kilichobaki kilikuwa ukuta. Chumba chake kiko nyuma ya kuta mbili za tofali za kuchoma, na wimbi lile fupi lilifika likiwa hoi. Tulisogeza meza kutoka dirishani hadi karibu na mlango, ikatosha. Kwa mwenye nyumba ya namna hiyo ushauri wetu ni kuiweka ruta ukumbini, mahali pa juu, si juu ya friji wala nyuma ya kabati la chuma. Na kwa mwenye kompyuta ya zamani inayoona mitandao mingine lakini haioni ule wa nyumbani, asikimbilie kununua kadi. Aulize kwanza ruta iko chaneli ipi, kisha alinganishe na "iw list".

Jioni, tulipokuwa tunaaga, tulimwomba binti aturudishie ile barua tukaichane. Akatutazama, akasema kwa adabu, "Ustadh, hii ina muhuri. Nitairudisha nikipata nyingine yenye muhuri."

Jumatatu iliyofuata tuliiandika. Inasema kwamba kamati ilimdhania vibaya bila kuuliza, kwamba kosa lilikuwa la aliyetayarisha mashine, na kwamba maneno ya kikao kile yamefutwa katika kumbukumbu. Ilisomwa mbele ya wajumbe wote. Mwenye duka la simu aliomba nauli ya kuipeleka itoke mfukoni mwake, naye akaipeleka mwenyewe. Nakala yake tumeibandika katika daftari la mali, ukurasa ule ule wenye namba ya kadi.