Kipimo cha Dawa Kipo Darasani, Si Dukani

VILIMA vya Mtabila, katika nchi ya Buha wilayani Kasulu, vimeshuhudia mengi. Vilihifadhi ndugu zetu wa Burundi waliokimbia vita, mpaka kambi yao ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Kisha vikapokea vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Safari hii vimenionyesha jambo ambalo halitangazwi redioni wala halijengewi mnara: mtoto wa darasa la tatu ambaye baba yake humpimia dawa ya ubongo kwa kukadiria, kwa sababu nauli ya kwenda kwa daktari imekwisha.

Sitamtaja jina, maana wako wengi kama yeye Kasulu, Kibondo na kwingineko. Mtoto huyu hatulii. Huanza hesabu ya kwanza akaiacha, akaparamia ya tatu. Husimama wenzake wameketi. Hujibu kabla swali halijamalizika. Kila juma hupoteza kalamu. Tukamtibu kwa dawa tuliyoizoea, yaani fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo hutolewa na mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye, na viboko visizidi 4. Lakini hata tungezifuata kanuni hizo neno kwa neno, kiboko cha nne kisingemfundisha mtoto huyu kitu ambacho cha kwanza kilishindwa kumfundisha. Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi tunaipenda mno. Tunasahau kwamba samaki aliyekunjwa kwa pupa huvunjika.

Baba yake, mtumishi wa umma kama wewe usomaye, akampeleka kwa daktari wa akili wa binafsi katika jiji la mbali. Huko akaambiwa kwamba mtoto ana hali ya kukosa umakini na utulivu, ile ambayo wataalamu huiita kwa herufi ADHD, na ambayo tafiti za dunia zimekadiria kuwapata watoto kama 5 katika kila 100. Akapewa vidonge na kuambiwa arudi baada ya miezi miwili ili kipimo kiongezwe. Alirudi mara mbili. Mara ya tatu mfuko ulikataa. Tangu hapo baba ndiye daktari: siku nyingine nusu kidonge, na wakati wa mitihani viwili. Tusiharakishe kumlaumu. Tuulize kwanza ni mpango gani uliomfikisha hapo.

Dawa hiyo ni methilifenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la biashara la Ritalin. Si mpya, kwani iliundwa Uswisi mwaka 1944. Wala si ya mchezo: imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Haifanani na dawa ya malaria, ambayo mganga humpima mtoto uzito, akasoma jedwali, akahesabu vidonge. Watoto wawili wa uzito mmoja waweza kuhitaji vipimo tofauti kabisa, na hakuna uchunguzi wa damu unaoweza kusema kwamba sasa imetosha. Ndiyo sababu huanzwa kwa kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 5 mara moja au mbili kwa siku, kisha huongezwa pole pole, juma kwa juma, huku mtoto akitazamwa. Je, anamaliza kazi yake? Anakula? Analala? Uzito na urefu wake vinaendeleaje? Mapigo ya moyo wake je?

Sasa tuulize: ni nani anayeyaona hayo? Kidonge cha kawaida cha dawa hii hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi. Mtoto akimeza saa moja asubuhi, ifikapo saa tano nguvu yake inaelekea ukingoni. Mzazi anayerejea jioni kutoka ofisini humkuta mwanawe ni yule yule wa jana, akakata shauri kwamba dawa haifai na lazima iongezwe. Daktari wa jijini humwona kwa dakika chache, baada ya safari ndefu ya basi kupitia Kibondo na Nyakanazi, mtoto akiwa amechoka na amepoteza usingizi. Mtu mzima aliye pamoja na mtoto katika saa zile nne ni mmoja tu, naye ni mwalimu.

Na mwalimu hakuulizwa! Mwalimu wa mtoto huyu, mwenye darasa la watoto zaidi ya 80, ameniambia kuwa hakujua kabisa kama mwanafunzi wake anameza dawa. Aliona tu kwamba siku fulani fulani mtoto amekuwa mpole, hacheki, haulizi, hagusi chakula, amekaza macho juu ya dawati. Akamshukuru Mungu. Lakini upole ule haukuwa uponyaji. Mtoto aliyezidishiwa dawa hii huweza kunyamaza kama sanamu, nasi tuliozoea kuhesabu kimya kuwa nidhamu tukampa pongezi. Mzazi aliona dawa haijatosha. Mwalimu aliona imefaulu. Ukweli ulikuwa kwamba siku nyingine ilipungua na siku nyingine ilizidi. Hawa wawili hawakukutana, na daktari waliyemlipa hakuwakutanisha.

Hapa ndipo ninaposema kwamba kliniki ya binafsi inauza kitu isichokuwa nacho. Inaweza kuuza utaalamu, na utaalamu ni wa lazima. Dawa hii haiandikwi na kila mtu. Lakini kipimo sahihi hakimo katika mkoba wa daktari. Kimo darasani, kwa mtumishi anayelipwa na umma. Pale ambapo kila badiliko la kipimo ni ziara, na kila ziara ni ada, kazi inayotaka kutazama juma kwa juma hugeuka kuwa kukisia mara moja kwa miezi miwili. Sisemi kwamba madaktari hao ni waovu. Wako waungwana wengi miongoni mwao. Ila duka, hata likiwa na mwenye duka mwungwana, hupima huduma kwa mfuko wa mnunuzi.

Tena kuna ubaya wa pili, nao unatuhusu sisi wenyewe. Mtumishi anayemudu kliniki ya jijini humpeleka mwanawe huko kimya kimya. Akishapata nafuu yake, hana haja tena ya kusimama kikaoni na kuuliza kwa nini hospitali ya wilaya haitoi huduma hiyo. Hivyo soko humhudumia yeye, na papo hapo hununua ulimi wake. Mkulima wa maharage wa Mtabila, ambaye mwanawe ana hali ile ile, hubaki na fimbo, na maneno ya majirani kwamba mtoto amerogwa. Huo ndio utabaka unaozaliwa upya, ndugu zangu, na mkunga wake ni ukimya wetu.

Hatukuanza hivi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa watu wachache kuishi kwa dhiki ya wengi. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku utabibu wa binafsi wa kutafuta faida, na mashirika ya dini yakaachiwa kuendelea na huduma. Katika miaka ya 1980 tuliijaribu Morogoro na Kilimanjaro njia ya kuingiza huduma ya akili katika huduma ya afya ya msingi, ili mgonjwa atibiwe karibu na kwao. Mwaka 1991 mlango wa faida ukafunguliwa tena. Sidai kwamba ufungwe kesho. Hospitali zetu za umma zilikuwa na upungufu, na kuukana ukweli huo si ujamaa. Nadai kwamba mlango wa umma usifungwe kwa kisingizio kwamba ule wa pili uko wazi.

Wako watakaosema kwamba fedha hazipo. Nawajibu kwamba mwalimu yupo na mshahara wake unalipwa. Mizani na kipima shinikizo la damu si mitambo ya kuagizwa mwezini. Na dawa yenyewe hataza yake imekwisha miaka mingi. Wengine watasema kwamba mwaka 2021 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikataa kuiingiza dawa hii katika orodha ya dawa muhimu, kwa kuona ushahidi wa manufaa na madhara yake haujatosheleza. Ni kweli. Lakini shaka hiyo haiipi kliniki ya mbali sababu ya kubahatisha. Inazidi kutudai sisi tutazame kwa karibu. Shirika hilo hilo huagiza kwamba dawa isiwe hatua ya kwanza, na kwamba mzazi na mwalimu wafundishwe kumlea mtoto wa namna hii.

Yapasa basi tufanye nini? Kwanza, mwalimu amkalishe mtoto huyo mbele, ampe kazi fupi fupi, amsifu anapomaliza, na aiweke fimbo chini. Pili, pawe na karatasi moja nyepesi ambayo mwalimu ataijaza kila juma na kuipeleka hospitali ya wilaya, mzazi akiridhia na siri ya mtoto ikitunzwa. Mwalimu hapimi dawa, anatoa ushahidi. Tatu, mtaalamu wa akili wa umma azungukie Kasulu na Kibondo kwa ratiba inayojulikana, na kati ya ziara zake muuguzi ampime mtoto uzito, urefu, shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na amwarifu kwa simu. Nne, Bima ya Afya kwa Wote, iliyotungiwa sheria mwaka 2023, itamke bayana kwamba ufuatiliaji huo ni haki ya mtoto wa mkulima kama ilivyo ya mtoto wa mkurugenzi.

Na wewe, mtumishi mwenzangu ambaye mwanao anatibiwa jijini, sikuombi umwondoe huko. Nakuomba useme. Sema katika kikao cha shule, sema katika baraza la madiwani, sema katika tawi la Chama. Maana kesho asubuhi, saa moja, mtoto wa Mtabila atapewa tena kidonge ambacho hakuna aliyekipima, na kuanzia hapo mpaka saa tano atakuwa mbele ya macho yetu.