Umekuja na Nani?

Dada zangu, nilipoaga Mpanda kwenda Zanzibar kwenye Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004, kila mtu aliniuliza: "Unakwenda na nani?" Peke yangu. Treni hadi Tabora, nyingine hadi Dar es Salaam, kisha boti. Wapo walioona nimekosa haya.

Ndani ya Ngome Kongwe nilimwona mama mmoja na binti zake. Nikamwamkia. Naye akaniuliza, "Umekuja na nani?" Nilipomjibu, akanisogezea nafasi. Baadaye tulikula urojo Forodhani, na hakuniacha mpaka mlangoni pa nyumba ya wageni.

Ningekuja na wenzangu, tungeongea sisi kwa sisi tu, nisingemjua mama yule. Sisemi tujiendee ovyo: waambie nyumbani unapolala, chagua wa kukaa naye, usichelewe kurudi. Lakini haya ya mwanamke haipimwi kwa idadi ya aliofuatana nao.

Nanyi wa visiwani, mkimwona mgeni wa kike yuko peke yake, muulizeni swali hilohilo. Kisha msogezeeni nafasi.