Mashine ikishika breki, nani anaijua sababu? Mbinu ya mzaliwa wa Tanzania bado ina jibu

Mjadala wa akili unde umetoka kwenye simu na kompyuta, sasa umefika kwenye breki za treni, pampu za maji na mitambo ya umeme. Huko hakuna anayeuliza kama mashine inajua kuandika barua. Kinachoulizwa ni hiki: ikikosea, kuna mtu anayeweza kuifungua na kuona imekosea wapi?

Kwa mifumo inayojifunza yenyewe kutoka kwenye data nyingi, mara nyingi jibu ni hapana. Hata aliyeitengeneza huishia kukisia.

Ipo mbinu ya zamani ambayo haina tatizo hilo. Inaitwa mantiki ya fazi. Mwaka 1965, Lotfi Zadeh, profesa mzaliwa wa Baku aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika kwamba mambo mengi hayana mpaka mkali. Maji hayawi ya moto ghafla yakifika nyuzijoto fulani. Yanakuwa ya moto kiasi, kisha zaidi, kisha mno. Basi badala ya kulazimisha ndiyo au hapana, kila jambo lipewe kiwango kati ya 0 na 1.

Wapo wanasayansi waliombeza. Aliyelitoa wazo hilo kwenye karatasi na kulitia kwenye chuma ni Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa Tanzania mwaka 1942, akasoma India, kisha akaenda Uingereza. Katikati ya miaka ya 1970, Queen Mary College mjini London, yeye na mwanafunzi wake Sedrak Assilian waliifunga mantiki hiyo kwenye injini ndogo ya mvuke. Hawakuanza na hesabu nzito. Walianza na lugha ya fundi aliyekaa miaka na mtambo: presha ikiwa chini kidogo na haipandi, ongeza moto kidogo; ikiwa chini kidogo lakini inapanda haraka, tulia kwanza. Injini ikaenda vizuri. Hadi leo vitabu vya uhandisi vinauita mtindo huo kwa jina la Mamdani.

Kabla miaka ya 1970 haijaisha, mbinu hiyo ilikuwa imeingia kwenye tanuri la saruji huko Denmark, kazi ambayo mwendeshaji hutegemea sana jicho na uzoefu.

Kisha ikaja Sendai, Japani. Treni ya chini ya ardhi iliyofunguliwa Julai 1987 iliendeshwa kwa mfumo wa fazi uliotengenezwa na Hitachi. Kabla ya kutoa amri ya breki, kompyuta ilikuwa inakadiria matokeo yake: treni itasimama kwenye alama? Abiria aliyesimama atayumba? Umeme utatumika kiasi gani? Halafu inachagua amri yenye nafuu kwa yote. Dereva mzuri hufanya hivyohivyo kichwani, ila yeye huchoka.

Na hapa kuna jambo linalosahaulika. Mfumo wa wakati halisi si lazima uwe na kasi ya ajabu. Kinachotakiwa ni jibu lifike kabla ya muda wake kuisha, kila mara. Breki iliyopiga hesabu sahihi lakini ikachelewa ni breki mbovu. Kidhibiti cha fazi kinapitia orodha ya sheria, kinapima kila moja inahusika kwa kiasi gani, kinachanganya majibu, basi. Kazi hiyo inafanyika hata kwenye chipu ya bei rahisi, na muda wake wa juu kabisa unaweza kujulikana mapema.

Sheria ya Ulaya ya akili unde, iliyopata nguvu ya kisheria 1 Agosti 2024, inaweka katika kundi la hatari kubwa mifumo ya akili unde inayolinda usalama wa umeme, maji na barabara, na inataka isimamiwe na binadamu. Lakini utangulizi wake unasema sheria hiyo haikusudii mifumo inayofuata kanuni zilizoandikwa na watu peke yao. Kwa maana hiyo, kidhibiti cha fazi kilichoandikwa kwa mkono kinaweza kubaki nje. Kanuni zake zikirekebishwa na mashine inayojifunza, mambo yanabadilika. Mawakili watakula hapo.

Mbinu yenyewe ina kasoro zake. Vipimo 2 vyenye ngazi 5 kila kimoja huzaa sheria 25. Vikiwa 4, zinafika 625, na hapo sifa ya kusomeka imeshapotea. Kuthibitisha kwa hesabu kwamba mfumo hautayumba pia ni kazi ngumu.

Kubwa zaidi, sheria zinazosomeka hazimsaidii mtu ambaye hakuonyeshwa. Boeing 737 MAX haikuwa na fazi wala mashine ya kujifunza katika programu iliyoshusha pua ya ndege. Ilikuwa na masharti ya kawaida kabisa, ikiamini kihisi kimoja tu, na marubani hawakuelezwa mwanzoni kwamba ipo. Watu 346 walikufa katika ajali 2, Indonesia mwaka 2018 na Ethiopia mwaka 2019. Kwenye ndege ya Ethiopia, iliyokuwa ikienda Nairobi, 32 walikuwa Wakenya. Fazi isingewaokoa. Kihisi kikidanganya, nayo inadanganyika.

Ndiyo maana nchi zinazonunua treni za umeme na mitambo mipya, Tanzania ikiwemo, zina la kuuliza kabla ya kusaini: sheria za kidhibiti zinakabidhiwa kwa mnunuzi au zinabaki kwa muuzaji? Muda wa juu wa jibu ni upi? Kihisi kimoja kikifa, mashine inafanya nini, na anayekuwa zamu siku hiyo anaambiwa nini?