Kofia Imefika, Mchezo Bado Uko Njiani

JICHO LA MISIERA
Na Amisi Baraka

Kaa kidogo kwenye stendi ya boda pale Base Camp, au pembeni ya soko la Mbarara siku marobota ya mitumba yanapofunguliwa, kisha tazama vichwa vya watu badala ya nyuso. New York Yankees itakupita mara nyingi kuliko Arsenal. Itapita na dereva wa boda, na muuza dagaa, na mama anayetoka kuchota maji ambaye amemnyang'anya mwanawe kofia ili jua lisimchome. Herufi N na Y zimepandana, nyeupe juu ya buluu, au juu ya nyekundu, au juu ya waridi iliyopauka. Hiyo ni klabu ya besiboli iliyoanza kucheza New York mwaka 1903, na sijawahi kumsikia mtu wa Misiera akiuliza jana wametoka ngapi.

Wazee wenzangu na baadhi ya walimu huwacheka vijana kwa hili. Wanasema vijana wamebeba kichwani kitu wasichokijua. Mimi siwacheki. Anayevaa kofia ya NY hapa Nakivale anaivaa kama inavyovaliwa Paris, Seoul, Lagos na Kinshasa. Kofia ilikwisha kutoka uwanjani siku nyingi, ikajitafutia maisha yake. Kinachonikera ni kingine, nami nitakifikia.

Kwanza herufi zenyewe, maana historia yake ina kichekesho. Hazikubuniwa kwa ajili ya mchezo. Mwaka 1877 kampuni ya vito ya Tiffany ilitengeneza medali ya ushujaa kwa askari polisi wa New York aliyepigwa risasi akiwa kazini, na juu ya medali hiyo ikazisokota N na Y. Klabu ikazichukua mwaka 1909. Kwa hiyo yule kijana wa Kakoba anayegeuza kofia nyuma mbele ili aonekane mkorofi, na akiliona gari la polisi anakata kona, kichwani amebeba nishani ya polisi. Sijamwambia. Acha afurahi.

Aliyeipeleka kofia mitaani zaidi ya wote ni Spike Lee, mwongozaji wa filamu na shabiki wa Yankees wa kufa na kupona. Mwaka 1996 alitaka kofia nyekundu ilingane na koti lake jekundu, wakati ambapo kofia ya Yankees ilikuwa ya buluu iliyokoza, basi. Akawapigia simu New Era, watengenezaji, mwenye klabu akaridhia, na kamera za fainali za mwaka ule zikammulika nayo. Baada ya hapo kila mtu akataka rangi yake. Wanamuziki wa hip hop wakaipokea, na mwaka 2009 Jay-Z, katika wimbo wake kuhusu New York, akajigamba kwamba yeye ameifanya kofia hiyo ijulikane kuliko walivyofanya wachezaji wenyewe. Ni majivuno, ndiyo. Lakini ukiwa Nakivale huna ushahidi wa kumpinga.

Halafu New Era ina makao yake Buffalo, jimbo la New York. Wasomaji wa safu hii wanaujua mji huo kwa sababu nyingine: ni miongoni mwa miji iliyowapokea Wakongo waliotoka kwenye makazi ya wakimbizi kama haya yetu. Si ajabu mtu akapanda ndege na kofia ya mitumba kichwani, akatua kwenye mji wa kampuni iliyoishona.

Mashabiki wa besiboli wa Marekani wana tabia ambayo sisi wapenzi wa kabumbu tunaielewa bila kufundishwa. Wanaitafuta timu yao mahali isipotarajiwa. Filamu ni ya mapenzi, wanandoa wanagombana, wao macho yako ukutani kutazama kama kuna picha ya timu. Mwigizaji akipita na kofia wanashtuka kama wameona ndugu. Mashabiki wa Yankees katika hili ni matajiri. Wana filamu ya mwaka 1942, The Pride of the Yankees, kuhusu maisha ya mchezaji Lou Gehrig, ambamo Babe Ruth, nyota halisi wa klabu, anajiigiza mwenyewe. Wana kipindi cha vichekesho cha Seinfeld cha miaka ya 1990, ambamo George Costanza, mtu mvivu na mwongo, anapewa kazi ofisini mwa klabu, na tajiri wa timu anaonyeshwa mgongo tu.

Na wana Hemingway. Katika The Old Man and the Sea, kitabu cha mwaka 1952, mvuvi mzee wa Kuba aliyekaa siku 84 bila kupata samaki anajipa moyo kwa kumfikiria Joe DiMaggio wa Yankees, ambaye alicheza huku kisigino kikimuuma na ambaye baba yake naye alikuwa mvuvi. Matokeo anayapata kwenye gazeti la jana. Wavuvi wa Ziwa Nakivale wangemwelewa mzee yule mara moja, ila wao wangemweka Bukayo Saka mahali pa DiMaggio. Hemingway mwenyewe, kwa taarifa yako, nusura afie Uganda: Januari 1954 alipata ajali mbili za ndege mfululizo, ya kwanza karibu na Maporomoko ya Murchison na ya pili Butiaba, hata magazeti ya ng'ambo yakatangaza kwamba amekufa. Mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobeli.

Macho ya namna hiyo tunayo hata sisi, tatizo tumeyaelekeza Uingereza peke yake. Ndani ya kibanda cha video, jezi nyekundu yenye mikono myeupe ikionekana hata kwa sekunde mbili, watu wanasimama. Mapenzi hayo hata polisi wanayajua: Januari 2023 mashabiki wa Arsenal walikamatwa Jinja kwa kuandamana barabarani bila kibali baada ya timu yao kuifunga Manchester United. Haikuwa hata imechukua ubingwa. Ilishinda mechi moja.

Sasa nawageukia watu ninaowaheshimu sana, wafasiri wa filamu. Uganda tunawaita VJ. Ndugu zetu Wanyarwanda filamu zilizofasiriwa huziita agasobanuye, Dar es Salaam alitamba Lufufu, Kenya yuko DJ Afro. Hawa hawafasiri maneno tu. Wao ndio wanaoamua sisi tuone nini. Mhusika akiingia dukani, VJ ndiye anayetuambia duka ni la nani, na akipenda analihamishia soko la Owino. Filamu ya Coming to America ya mwaka 1988 imechezwa vibandani miaka na miaka. Mwanamfalme Akeem wa Zamunda anafika Queens na kuvaa koti la New York Mets, jirani na wapinzani wa Yankees. Nimesikia VJ akifafanua mavazi ya mfalme, simba aliyevaliwa begani, hata bei ya mkate wa nyama. Koti halikutajwa. Sina neno, hapo hatukupoteza kitu.

Lakini kuna filamu moja ambayo VJ akinyamaza tunapata hasara. Inaitwa 42, ya mwaka 2013. Inamhusu Jackie Robinson, ambaye tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, na kuuvunja mwiko uliowafungia wachezaji weusi mlango wa ligi kuu ya besiboli tangu mwishoni mwa karne ya 19. Jezi namba 42 haigawiwi tena kwa mchezaji yeyote wa ligi hiyo, wa timu yoyote, tangu mwaka 1997. Anayemwigiza ni Chadwick Boseman. Vijana wetu wanamjua kama Black Panther na walimlilia alipofariki mwaka 2020. Wengi hawajui kwamba kabla ya Wakanda alikuwa Brooklyn. Spike Lee, yuleyule wa kofia nyekundu, alikuwa amekwisha kuipa heshima jezi hiyo mwaka 1989 katika filamu yake Do the Right Thing: yeye mwenyewe ni Mookie, mpeleka piza, na anazunguka mitaa ya Brooklyn siku ya joto kali akiwa na jezi ya Robinson mwilini. Shabiki wa Yankees, amevaa Dodgers. Mashabiki wanaojua mambo hawajaacha kulitaja hilo.

Hapo mtu wa Nakivale inafaa asogeze kiti karibu. Siku Mookie anavaa ile jezi, Dodgers hawakuwapo Brooklyn kwa miaka 30 na ushei. Walicheza hapo mara ya mwisho mwaka 1957, na mwaka 1958 wakaanza maisha mapya Los Angeles, upande wa pili wa nchi. 1958 ndio mwaka yalipoanzishwa makazi yetu haya ya Nakivale, kwa ajili ya Wanyarwanda. Dodgers walihamishwa na hesabu za uwanja na fedha, hawakuhamishwa na risasi, na sitaki kulinganisha chozi la shabiki na chozi la mkimbizi. Ila watu wa Brooklyn waliendelea kuvaa herufi B ya timu isiyokuwapo tena, wakawarithisha watoto, na timu hiyo iliyoondoka imeendelea kutokea katika filamu na vitabu vyao kuliko timu nyingi zilizobaki. Tazama picha za Bukavu na Uvira zilizotundikwa kwenye kuta za nyumba za hapa Misiera, utaelewa kwa nini.

Nimesema nitakifikia kinachonikera. Ni hiki. Hao Dodgers, wa filamu ya Boseman na wa jezi ya Mookie, mwaka 2022 walisajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Ni Waganda, wa nchi hii tunayoishi. Ukitaja majina yao kwenye kibanda chochote cha Nakivale utaulizwa wanacheza namba ngapi Villa.

Wala besiboli ya Uganda haikuanza na hao wawili. Mwaka 2011 watoto wa Kampala waliwafunga Saudia kwenye mchujo uliochezwa Poland, wakapata nafasi ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya Little League ya watoto wa miaka 12 hivi. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika huko. Viza zikakataliwa. Sababu iliyotolewa ni utata wa umri na tarehe za kuzaliwa katika nyaraka zao. Nafasi wakapewa Saudia, timu iliyojaa watoto wa Wamarekani wafanyakazi wa mafuta. Msomaji wangu wa Kabazana au Rubondo, ambaye jina lake limeandikwa namna tatu kwenye karatasi tatu na tarehe yake ya kuzaliwa ni 1 Januari kama ya jirani yake, hahitaji nimweleze hisia za watoto wale. Timu ya Langley ya Kanada, iliyokuwa ikutane nao mechi ya kwanza, haikuridhika na jambo lile. Januari 2012 ikafunga safari hadi Uganda ili mechi ile ichezwe.

Mwaka huohuo, Agosti, watoto wa Lugazi wakapata viza. Walifungwa mechi zao za mwanzo, kisha wakawafunga Gresham wa Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2015 Waganda wengine wakarudi na kuwafunga Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1, na Jamhuri ya Dominika katika besiboli ni kama Brazili katika kabumbu. Wengi wa vijana hao walilelewa kwenye viwanja alivyojenga Mmarekani Richard Stanley wilayani Mpigi, wilaya ambayo kila basi la Mbarara hupita likienda Kampala. Tunapita tumelala.

Habari yao imetengenezewa filamu, Opposite Field, kazi ya Mmarekani Jay Shapiro. Dennis Kasumba, mdakaji aliyejifundisha kwa matairi ya gari na vifaa vya kujitengenezea, amejulikana dunia nzima kwa video za simu, na mwaka 2023 akaenda kuichezea Frederick Keys huko Maryland. Kwenye simu za vijana wa hapa video zake zinapita, watu wanacheka, wanasogeza kidole. Mwigizaji wa vichekesho, wanadhani. Wimbo wa msanii wa Kampala au wa Mbarara unaomtaja yeye, Serunkuma au Lugazi, mimi sijausikia. Kichekesho cha jukwaani chenye besiboli ndani sijakiona. Kofia ya New York tunayo kila rangi, ya Lugazi hakuna aliyefikiria kuishona.

Najua jibu la wakosoaji. Glovu ni ghali, gongo ni ghali, na mkimbizi ana mambo mengine ya kushughulikia kuliko mchezo wa Wamarekani. Ni kweli, na siombi Nakivale ijengewe uwanja wa besiboli kabla ya maji ya bomba. Ninasema tu kwamba hakuna mtoto aliyezaliwa anaipenda Arsenal. Aliiona jezi, akasikia jina, akamkuta kaka yake anapiga kelele, akapiga naye. Na watoto wanaocheza kwepena pale Misiera kila jioni wana mikono inayorusha kwa nguvu na shabaha ambayo haijawahi kupimwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo ombi langu nalipeleka kwa VJ wetu, yeyote yule, wa Kiswahili, wa Kinyarwanda au wa Kiganda. Iweke 42 siku ya Jumamosi, kabla mechi za Uingereza hazijaanza. Boseman akiingia tu uwanjani na jezi ya Dodgers, tuachie hadithi ya Owino kwa dakika moja, utuambie kwamba timu hiyo imewahi kuwasajili Ben Serunkuma na Umar Male wa Uganda. Kiingilio changu nitalipa, na cha vijana watatu wenye kofia.